Uso wa Mkwe

Gauni lilikuwa moja tu, na sasa limelowa. Ketrina alijifunga kaniki kuukuu ya mama yake, akaketi juu ya jiwe kando ya kijito kulilinda lile gauni lililotandazwa kichakani, maana upepo wa Juni huko Mbozi hauna adabu. Unaweza kukuchukulia nguo ukabaki unaitazama inavyokwenda. Sabuni hawakuwa nayo. Alikuwa amelifua kwa maji ya majivu ya migomba mpaka viganja vikamwasha, na bado doa la utomvu pale kifuani liling'ang'ania. Angelivaa hivyo hivyo, akilifunika na kaniki.

Mbele yake, juu ya debe lililopinduliwa, alikuwa ameketi Mzungu. Mzungu mwenyewe alikuwa mama yake mzazi, Jenista, amekunja nne, kidevu juu, kijiti kimebanwa vidoleni badala ya kalamu.

"Jina lako?"

"Ketrina binti Ezron."

"Sisikii! Unasema nami au unasema na vyura?"

"Ketrina binti Ezron!"

"Unajua kusoma?"

"Najua kusoma na kuandika, Bwana. Nilifika darasa la nne."

"Mama mjamzito amekuja, miguu imevimba, kichwa kinamwuma. Utafanyaje?"

"Nitamlaza, nimwite Sista upesi. Sitamwambia arudi nyumbani."

"Haya. Sasa niangalie."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ketrina aliinua macho, yakafika kwenye kidevu cha mama yake, yakasita, yakaanguka tena majini.

"Machoni, wewe! Mwalimu Damiano alituambia nini? Mzungu akiona unatazama chini, kwake wewe ni mwizi au ni mjinga, basi. Tazama! Mimi ni mama yako, sikuli."

Wakacheka. Roda, mtoto wa Ketrina, aliyekuwa akifinyanga matope pale ukingoni, naye akacheka bila kujua anachekea nini. Walicheka kidogo tu, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha, na aliyekuwa akigombewa ni huyo huyo mwenye matope mpaka kwenye nyusi.

Timotheo, mume wa Ketrina, alikuwa amevuka mpaka pale Tunduma pamoja na wenzake kwenda kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia. Kilichorudi ni blanketi lake na habari ya mwamba uliomwangukia chini ya ardhi. Watu hawajatawanyika vizuri matangani, Boazi, baba yake Timotheo, akawa amekwisha kutuma wajumbe: mjane ahamie kwa Enoka, kaka wa marehemu, amrithi. Enoka alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili mji mzima uliwajua kwa uvimbe wa nyuso zao. Ketrina akakataa. Boazi hakugomba. Alisema tu kwamba anayetaka kurudi kwa mama yake na arudi, lakini mtoto atabaki. Ng'ombe walioletwa kutoka Kamsamba kumwoa mama ndio waliomleta na mtoto, na mtoto wa kike naye atakuja kuleta ng'ombe wake.

Shauri likafika barazani kwa Mwene, chifu wa nchi. Wazee wakalizungusha mchana kutwa, mwisho wakakata hivi: mjane akipata kazi ya Serikali, yenye mshahara na nyumba, akae na mwanawe. Asipoipata, mtoto aende kwa kina baba yake. Na kazi ilikuwapo. Zahanati mpya iliyojengwa kando ya barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa inataka mwanamke mmoja anayejua kusoma, afundishwe na Sista kazi ya chumba cha uzazi, apewe chumba cha bati nyuma ya zahanati. Boazi alisimama mbele ya baraza akasema, "Akiipata, mimi ni nani nimzuie? Serikali ni baba wa wote." Watu wakamsifu kwa moyo wake mwema. Walimsifu mpaka njiani wakirudi.

Ketrina aliyasikia hayo yote akiwa nje ya ua, amejifunika gubigubi. Ukoo wa Boazi, kama ukoo wa kina Ketrina, ulitoka milima ya Undali, ukaja Mbozi na mwiko wake. Mkamwana, yaani mke wa mwana, hamtazami mkwewe, na mkwe hamtazami mkamwana. Mkamwana akimsikia anakohoa njiani, anaacha njia, anaingia majanini, anachuchumaa na kujifunika kichwa mpaka apite. Hali naye, hasemi naye, hatamki jina lake. Ketrina aliishi uani kwa Boazi tangu alipoolewa, akakijua kikohozi chake, viatu vyake vya matairi, na harufu ya tumbaku yake. Uso wake hakupata kuuona.

Anayeweza kuuondoa mwiko huo ni mkwe peke yake. Humkabidhi mkamwana kuku, mkono kwa mkono, na tangu siku hiyo wanasalimiana kama watu. Wengi humtoa kuku huyo mtoto wa kwanza anapozaliwa. Timotheo alimwomba sana baba yake kabla ya kuondoka, na Boazi akajibu, "Kuku nitatoa." Hakutoa, na Timotheo ndiyo hayupo tena wa kumkumbusha.

Lakini pale kijitoni mama na binti hawakuwa wakimfikiria Boazi. Walimwogopa Mzungu. Mzungu ndiye waliyemfanyia mazoezi, macho ya Mzungu, maswali ya Mzungu, kiti cha Mzungu ambacho mtu asikikalie mpaka aambiwe. Jua lilipoanza kupungua nguvu, Ketrina alikuwa ameweza kumtazama mama yake machoni tangu swali la kwanza hadi la mwisho bila kupepesa.

"Umeiva," Jenista akasema, akaitupa kalamu yake kijitoni. Kisha akajifanya anamsafisha Roda uso, maana machozi yalikuwa yanamjia na hakutaka yaonekane.

Asubuhi ya siku yenyewe Jenista alimpaka binti yake mafuta ya nyonyo miguuni mpaka ikang'aa, wakashika njia, Roda mgongoni. Zahanati ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati jipya linaloumiza macho. Wajawazito walikuwa wameketi juu ya mikeka yao kwenye majani, wakisubiri kupimwa. Karibu na ngazi walisimama wasichana wawili wa misheni, waliokuja kuomba kazi ile ile. Wale walikuwa na viatu.

"Usiwatazame miguu," Jenista alinong'ona. "Miguu haiulizwi maswali."

Tarishi mwenye tarbushi nyekundu akatokea mlangoni. "Ketrina binti Ezron!"

Ketrina akamwachia mama yake mtoto, akapanda ngazi. Macho juu, alijiambia. Sauti juu. Alifika kizingitini, akainua macho kama alivyojifunza, akamwona Bwana Mganga mwenye nywele za rangi ya mahindi, na pembeni yake Sista aliyevaa nyeupe. Alikuwa amekwisha kufumbua mdomo atoe salamu. Ndipo mtu wa tatu akakohoa.

Chini ya meza, katikati ya viatu vya ngozi vya Bwana Mganga na vyeupe vya Sista, kulikuwa na viatu vya matairi.

Hakuwaza. Mwili wenyewe ulifanya ulichozoea kufanya. Alipokuja kujijua alikuwa nje, amechuchumaa chini ya ukuta, kaniki imemfunika kichwa.

"Yuko wapi yule?" sauti ya Bwana Mganga iliuliza kwa Kiswahili kizuri. "Nimemwona hapa sasa hivi."

"Yuko nje, Bwana," tarishi akajibu. "Amechuchumaa."

"Anaumwa?"

"Haumwi, Bwana." Hiyo ilikuwa sauti ya Boazi, tulivu, haina haraka. "Ni mkamwana wangu. Ana adabu zake. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na mkwewe. Mwene amenituma nikae hapa kwa niaba yake, kwa kuwa mshahara utatoka katika hazina ya wenyeji. Sikujua kama na huyu anaomba."

Hakujua! Jamani, mtu aliyesimama mbele ya baraza zima akasema mimi ni nani nimzuie, leo hakujua. Ketrina aliuma kaniki asije akapiga kelele.

"Mzee hawezi kusubiri nje kidogo?" Sista aliuliza.

"Naweza, Mama. Nitoke sasa hivi. Lakini Mwene akiniuliza kama nilimsikia akijibu, nitamwambiaje? Na bila muhuri wa Mwene hakuna mshahara."

Bwana Mganga akagonga meza kwa kidole.

"Kaka," Ketrina alimnong'oneza tarishi, uso ukutani. "Mwambie Bwana aniulize hapa hapa nilipo. Nitajibu, nawe umpelekee."

Tarishi akaingia, akasema. Bwana Mganga hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaka aeleweke. "Usiku mzee atamleta hapa mkewe anayeumwa, na huyo mzee ni mkwe wa muuguzi. Muuguzi atafanya nini? Atakimbilia ukutani? Sitaki muuguzi anayejificha."

"Umesema kweli, Bwana," Boazi alisema.

"Kaka, nakuomba." Safari hii Ketrina alimshika tarishi upindo wa suruali. "Mwambie mzee aniondolee mwiko. Hata kwa neno tu. Kuku nitamtafuta mimi mwenyewe."

Tarishi alikuwa mtu wa huku huku, alielewa uzito wa maneno hayo. Aliyafikisha kwa sauti ya chini. Boazi akacheka kidogo.

"Kuku hatafutwi na mkamwana. Na mimi leo sikutembea na kuku."

"Kuku gani tena?" Bwana Mganga aliuliza.

"Mambo yetu ya nyumbani, Bwana."

"Basi. Aitwe mwingine."

Ketrina alisogeza kaniki kidogo pembeni. Ng'ambo ya uwanja Jenista alikuwa amesimama wima, mkono mdomoni, na kando yake Roda amekaa chini anakula kiazi, anakigeuzageuza kutafuta pa kuuma. Mmoja wa wasichana wenye viatu alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi.

Ketrina akasimama. Kaniki ilianguka, akaiacha huko huko ilikoanguka. Nyuma yake wanawake wa mikekani wakatoa mguno, mmoja akapiga ukelele wa "Yoo!" kama aliyeona mtu anaingia motoni. Akaingia ndani kichwa wazi.

Alimtazama Boazi kwanza. Alikuwa amejiandaa kuona kitu cha kutisha, sura mbaya, sijui nini. Alichokiona ni Timotheo. Paji lile lile, sikio lile la kushoto lililokunjika juu, midomo ile ile minene iliyokuwa ikimwimbia Roda. Timotheo amezeeka tu, basi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wanafanana. Uchungu ulimpanda ghafla, uchungu wa siku ya blanketi, na karibu asahau alichojia. Boazi naye aliruka kwenye kiti, akajifunika uso kwa kofia yake, maana mwiko ulikuwa wa wote wawili.

Ketrina akamgeukia Mzungu. "Ketrina binti Ezron, Bwana," alisema, na sauti ikatoka.

Wakamwuliza, akajibu. Wakampa gazeti la Kiswahili, akasoma. Walimwuliza maji ya kuoshea vyombo yanachemshwaje, mtoto anakatwa kitovu kwa kitu gani, mama akitokwa na damu nyingi anaitiwa nani. Yale asiyoyajua alisema hayajui na kwamba atajifunza. Muda wote hakumwachia Bwana Mganga macho. Sista alitabasamu, akaandika, akatabasamu tena.

"Vizuri," Bwana Mganga alisema. "Vizuri sana. Mbona ulitupotezea wakati?"

Kwa kitambo kidogo Ketrina alikuwa na furaha, furaha tele, ya kuwashwa nyayo. Alikiona chumba cha bati, akamwona Roda amelala kitandani hana matope.

"Bwana," Boazi alisema kutoka nyuma ya kofia. "Nina swali moja. Silo lake, ni lenu. Mwanamke aliyemkazia macho mkwewe mbele ya watu, mama gani wa nchi hii atakubali mwanamke huyo amguse tumbo? Kwetu mkono wa namna hiyo hauzalishi. Msinisikilize mimi. Waulizeni hao walioko nje."

Bwana Mganga alimtazama Sista, kisha akamwashiria tarishi. Tarishi akasimama mlangoni, akawauliza wale wanawake kwa lugha yao. Waliangalia mikeka yao. Halafu Ferista, jirani ambaye Ketrina alichota naye maji tangu wakiwa wadogo, mwenye tumbo lililoshuka tayari, akajikokota akasimama na kuanza kukunja mkeka wake.

"Mimi nitazalia nyumbani," alisema, akilia. "Nisamehe, Ketrina. Mimba mbili zimekwisha kunitoka."

Wa pili akasimama. Na wa tatu.

Bwana Mganga akashusha pumzi. "Unaiona shida yangu," alimwambia Ketrina. "Zahanati ni mpya. Watu wasipokuja, wakubwa wataifunga. Na Serikali haiingilii mila za wenyeji."

"Bwana, ulisema hutaki anayejificha."

"Ndiyo."

"Sikujificha."

Bwana Mganga aliitazama saa yake. "Ndiyo," alisema tena. "Ulijibu vizuri." Sista akasema pole. Tarishi akamwita msichana mwenye viatu, na Ketrina ikambidi asogee pembeni ampishe mlangoni.

Alipofika nje, Boazi, bila kungoja hata wasichana wa misheni waulizwe, alikuwa amekwisha kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa uwanjani, amempa Ketrina mgongo, Roda begani kwake. Mtoto alimjua babu yake, hakulia. Jenista alikuwa amemng'ang'ania mtoto mguu.

"Mwachie, mama Ketrina," Boazi alisema. "Baraza lilikata, na wewe ulikuwapo." Tarishi alisogea karibu, mikono nyuma. Tarbushi yake ilitosha. Jenista akauachia mguu.

"Mtoto wangu!" Ketrina alipiga kelele.

"Mwambie mwanao," Boazi alimwambia Jenista, bila kugeuka, "amenitazama mara moja. Hilo nitalimaliza na wazee kwa kuchinja mbuzi. Akinitazama tena, mimi sitaumia. Atakayeumia kwa mwiko huo ni huyu niliyembeba."

Akashika barabara.

Ketrina alifika darasa la nne. Alikuwa ametoka kuwaeleza watu wazima ndani ya nyumba ya matofali mambo ya vijidudu na maji ya kuchemsha. Lakini mwenye kutaka kujua kama maneno ya Boazi ni ya kweli au ya kutishia ilimpasa ayajaribu kwa Roda, na Ketrina hakuwa na Roda mwingine. Aliiokota kaniki, akamfuata.

Barabara ilikuwa nyekundu, imenyooka, majani pande zote mbili. Boazi hakuwa na haraka. Ketrina alipomkaribia, karibu ya kuweza kuunyoosha mkono amshike mtoto kisigino, Boazi alisimama, akakohoa, akaanza kugeuka taratibu. Ketrina akajitupa majanini, akachuchumaa, akajifunika. Viatu vya matairi vikaanza kutembea. Alipoinuka, walikuwa wamekwenda mbali. Akakimbia, akawafikia. Boazi akasimama, akakohoa, akaanza kugeuka, na Ketrina akashuka tena chini. Lori la mzigo likapita likielekea Tunduma, likawamwagia vumbi wote.

Ikawa hivyo kutoka zahanati hadi daraja la miti, na kutoka daraja la miti hadi kwenye mashamba ya kahawa. Nyuma kabisa Jenista alikuwa akija, akiita jina la binti yake, lakini miguu yake ilikuwa ya mtu mzima.

Roda alikuwa anatazama nyuma juu ya bega la babu yake. Mwanzoni alishangaa. Kisha, jinsi mama yake alivyokuwa akizama majanini na kuibuka, kuzama na kuibuka, akauelewa mchezo, akaanza kucheka.

"Mama anajificha!"

Ketrina alikuwa chini, magoti kifuani, kaniki imefunika kichwa na mikono imefunika kaniki. Alisubiri viatu vianze kutembea. Safari hii havikutembea. Boazi alisimama pale pale katikati ya barabara, akatoa tumbaku yake, akaanza kuisokota bila haraka.

"Nimekuona!" Roda alipiga makofi. "Mama, nimekuona! Toka!"